Mahari Juu ya Kilimambogo

Erastus Owino amepanda kila mlima ulioumbwa na Mungu, pamoja na mingine miwili ambayo Mungu mwenyewe hajamaliza kuiumba! Si mimi ninayesema hivyo. Ni yeye. Mimi naitwa Ndunge, nauza chapati na maharagwe mbele ya ploti tunayoishi sote kule Mwiki, na habari za milima yake nimelishwa kila asubuhi kabla hata sijawasha jiko.

"Mlima Kenya niliupanda na slipas, Ndunge. Slipas za bafu!"

"Sawa, Era. Niongeze supu?"

"Ongeza. Kwa barafu nikavua hata hizo slipas, zilikuwa zinanichelewesha."

Namwongezea supu, nanyamaza. Mteja akidanganya akiwa amelipa, mimi ni nani nimkatize?

Ukweli ni huu: mahali pa juu zaidi alipowahi kufika Era ni lile daraja la watu la kuvukia Thika Road pale Ruiru. Tulipanda pamoja siku moja. Alipofika katikati alishika chuma kwanza, akapumua, akaniambia ati anatazama mandhari. Mandhari gani, lori la kokoto?

Kazi yake ni kukodisha tenti na viti. Harusi, matanga, kikao cha chama, popote penye watu wanaotaka kuketi, Era ana kiti chao. Ni kijana mzuri, mcheshi, mwenye bidii. Shida yake ni mdomo tu.

Uongo huo ungebaki wa maharagwe kama yasingeingia mapenzi. Era alikufa akaoza kwa Nyakio, binti wa Thika anayeuza kwenye duka la dawa pale Ruiru mjini. Na Nyakio naye, sijui aliona nini, akampenda. Ila Nyakio ana baba, na baba huyo ni Mzee Njau, mwalimu mstaafu, mwembamba kama kijiti cha kiberiti, ambaye tangu astaafu hana ugonjwa mwingine ila kupanda milima. Ana kikundi cha wazee wenzake. Kila Jumamosi lazima wapande kitu.

"Babangu hawezi kunipeana kwa mtu anachoka," Nyakio alimwambia Era. "Yule wa kwanza alipelekwa Ngong. Akaitisha maji kabla ya kona ya kwanza. Hiyo stori ikaishia hapo."

Mtu mwenye akili angesema, basi nianze mazoezi kesho. Era akasema hivi: "Mwambie babako Kilimambogo kwangu ni ngazi ya nyumba!"

Nyakio akamwambia! Akamweleza babake kwamba anamjua kijana mmoja wa tenti, mpanda milima hodari ajabu. Habari za mapenzi akaziweka mfukoni kwanza, maana hakuwa tayari kwa maswali. Mzee Njau, aliyekuwa na shida yake ya tenti, akafurahi na kumwita Era kwa chai Thika, kwenye bustani iliyo karibu na maporomoko ya Chania.

Hapa msikilize vizuri, kwa sababu balaa lote lilianzia hapa. Mzee Njau anaongea Kiswahili chake safi kabisa, ila kwake herufi ya l na herufi ya r ni mapacha, na yeye humwita yule anayejitokeza kwanza. Mlima kwake ni mrima. Akilala, amerara. Akikwambia twende tukakure, usitafute kitambulisho, anakualika chakula. Era ameishi na watu wa huku miaka na miaka na anayajua yote haya. Lakini mtu anayetaka kuoa ana masikio yake tofauti, na maji ya Chania siku hiyo yalikuwa yakinguruma kweli kweli.

"Kijana," Mzee akasema, "nasikia wewe ni mtu wa mirima."

"Sana, Mzee."

"Na Kirimambogo unaijua?"

"Ni ngazi ya nyumba yangu, Mzee."

Mzee akacheka, akajipiga goti. "Vizuri! Basi Jumamosi tupande. Nataka tuongee mambo ya mahari. Juu kabisa. Tuione, tuipime, tukubariane bira kerere. Kuja na watu wako. Na msicherewe!"

Era aliporudi Mwiki jioni hiyo hakutembea, alikuwa akielea. Alipita meza yangu, akarudi kinyumenyume, akanishika mabega mkono wangu ukiwa na unga mpaka kwenye kiwiko.

"Ndunge! Nimeitwa mahari!"

"Na nani?"

"Na Mzee Njau mwenyewe! Kwa mdomo wake! Ameniona mara moja tu akajua damu yangu ni ya mlima. Amesema nikuje na watu wangu. Watu wangu, Ndunge! Unaskia hiyo?"

"Na nani hupeleka mahari juu ya mlima?"

"Hao ni watu wa maana. Kwenu huwa mnafanyia wapi?"

"Sebuleni."

"Ndio unaona!"

"Mpigie Nyakio umuulize."

"Nimpigie niharibu suprais? Wee!"

Basi ujumbe ukaundwa. Msemaji akawa Mzee Ajwang, baba mdogo wake Era, karani wa shamba la kahawa huko nje ya Ruiru. Ajwang ana sauti, ana kofia, na ana tumbo linalofika kila mahali kabla yake. Hakuna posa ya Waluo wa Ruiru ambayo hajaisemea.

"Mazungumzo ni wapi?" Ajwang aliuliza.

"Juu," Era akasema.

"Juu ghorofa gani?"

"Juu kabisa, baba."

"Kuna lifti?"

"Tutaona huko mbele."

Mimi niliwekwa kuwa mwanamke wa ujumbe, yaani mtu wa kubeba. Nilipewa mikate na blanketi la kumzawadia mama wa Nyakio, lile zito lenye picha ya simba mzima mzima, likiwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Jumamosi asubuhi tukawa tumesimama getini, chini ya Kilimambogo. Ningependa mmuone Era! Kwa sababu alitaka kuwa mkwe na mpanda milima kwa wakati mmoja, alikuwa amevaa suti nyeusi, tai nyekundu na viatu vya ngozi vyenye ncha ndefu, vile vya kwendea harusi. Kisha juu ya hiyo suti amejitundika kamba nzima ya kufungia tenti. Machoni ana miwani mikubwa ya mtumba ya kuchezea barafu. Mlimani kwenyewe hata umande ulikuwa umeshakauka.

Askari wa mbuga alimtazama kutoka juu mpaka chini, halafu kutoka chini mpaka juu, labda kuhakikisha.

"Wazee wametangulia na mwenzangu," akasema. "Mimi nitawapeleka. Mfuate barabara, mkae pamoja. Kuna mbogo."

"Mboga ni sawa," Ajwang akajibu, "lakini nyama nayo itakuwepo?"

"Mbogo, mzee. Nyati. Ule wa pembe."

Ajwang akainua kichwa, akautazama mlima kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Erastus," akasema taratibu. "Hoteli iko wapi?"

Tukaanza safari. Barabara ya kupanda Kilimambogo ni ya udongo, inajipinda polepole msituni, na hata gari lenye nguvu linafika kileleni. Mimi nimezoea kubeba debe la maji kutoka bombani, kwa hivyo nilienda zangu taratibu. Era alianza kwa kishindo! Alitangulia, akageuka, akatuonyesha jinsi ya kuweka mguu. "Kisigino kwanza! Pumua kwa pua! Nifuateni mimi!"

Kwenye kona ya kwanza alikuwa akipumua kwa pua, mdomo na masikio.

"Era, uko sawa?"

"Tatizo ni hii hewa," akasema akiwa ameinama, ameshika magoti. "Mimi nimezoea ile nyembamba ya Mlima Kenya. Hii ni nzito sana. Inanikaba."

Kwenye kona ya pili Ajwang aliona jiwe, akaliendea moja kwa moja, akakaa. "Yawa, mimi nimefika," akasema. "Mwambieni mkwe ashuke. Mahari nitaisemea hapa."

Era alimsihi, akamvuta mkono, akamkumbusha ukoo. Haikusaidia kitu. Tukamwachia mkate mmoja. Askari akaita mwenzake kwa redio aje kumwangalia, nasi tukaendelea bila msemaji. Sasa Era alikuwa na hofu ya kweli, nikaiona usoni mwake hata na ile miwani.

"Ndunge, yule wa Ngong aliachwa kwa sababu ya maji tu. Maji tu! Nikishindwa leo, Nyakio ameenda."

"Basi nyamaza utembee."

Alinyamaza. Hiyo pekee ilinionyesha jinsi anavyompenda.

Viatu vya ncha ndefu, wenzangu, vilitengenezwa kwa kapeti. Kufika nusu ya safari vidole vya Era vilikuwa vimekunjana kule ndani na vinaomba msaada. Akakaa kando ya barabara, akavua kimoja, akaanza kupuliza malengelenge. Tumbili alikuwa anamngoja! Sijui alitokea wapi. Alikinyakua kile kiatu, akapita kwangu akachukua na mkate, akaingia kichakani kama mtu aliyetumwa dukani.

"Kiatu cha mahari!" Era akapiga mayowe, akamfuata kwa mguu mmoja mtupu.

Mara kichaka kikatikisika. Kitu kikakoroma humo ndani. Era alitoka kwa kasi ambayo sijaiona kwa binadamu mwenye tai, akaruka, akamkalia askari mgongoni.

"Mbogo! Mbogo! Piga risasi!"

"Shuka," askari akasema.

"Piga kwanza!"

Kichakani akatoka kanga na vifaranga vyake. Wakavuka barabara kwa mstari, wakaenda zao. Hata hawakututazama.

Nilimfungia Era mguu kwa ile tai nyekundu. Nilikuwa bado nacheka aliposikia gari likipanda. Akachungulia, akaitambua pikapu ya kina Nyakio.

"Inama! Asinione hivi!" Akanivuta mkono, tukaanguka wote kwenye nyasi, mimi na simba wangu wa nailoni. Pikapu ikapita pole pole. Nyakio ndiye aliyekuwa usukani, mamake kando yake, nyuma mitungi ya uji na chai. Na katikati ya mitungi, ameketi kama gavana, kofia kichwani na andazi mkononi, Mzee Ajwang! Aliipungia mkono ile miti na hata nyani.

"Era," nikasema nikitema nyasi, "hiyo ilikuwa lifti yetu."

Nafikiri alikuwa akilia kidogo.

Kule juu baridi ilitupokea kwa mikono miwili. Ukungu, upepo, na suti yake ilikuwa ya kitambaa chepesi kama cha chupi. Nilimwonea huruma jamani, nikapasua ule mfuko nikamfunika blanketi. Kwa hiyo hivyo ndivyo mpanda milima mashuhuri Erastus Owino alivyowasili kileleni: kiatu kimoja, tai mguuni, miwani ya barafu, simba mgongoni, na ule mwinuko wa mwisho akiupanda kwa mikono na magoti.

Wazee walikuwa wameketi kwa duara na vikombe vyao, wamepumzika zamani. Ajwang yuko kati yao, anakunywa uji, rafiki wa kila mtu. Nyakio alipomwona mpenzi wake akiibuka kutoka kwenye ukungu kwa miguu minne, akaziba mdomo kwa mkono.

"Ehe!" Mzee Njau akasema. "Mtu wa ngazi amefika! Haya, tusipoteze wakati." Akatoa futi ya kupimia mfukoni, akanyoosha mkono kuonyesha uwanja wa nyasi. "Mahari ndio hii. Unaionaje?"

Era akatazama nyasi. Akamtazama Mzee. "Ni... ni nzuri, Mzee."

"Inatosha?"

"Sisi ndio tungeuliza hivyo, Mzee."

Ajwang akaona kazi yake imefika. Akaweka kikombe chini, akasimama, akavua kofia, akaachilia ile sauti.

"Wazee wetu! Sisi tumetoka mbali, na mlima wenu tumeuona! Hatukuja kwa ubaya. Kijana wetu halali, hali, ameisha. Katika boma la Mzee Njau ameona ua limechanua, na tumekuja kuomba tulichume!"

"Ua gani?" Mzee akauliza akiangalia chini. "Hapa ni nyasi tu."

"Ua la nyumbani kwako! Nyakio!"

Kifuniko cha chupa ya chai kikaanguka. Kikajiviringisha, kila mtu akakifuata kwa macho mpaka kikasimama.

"Nyakio wangu," Mzee akasema, "ameingia aje kwa mambo ya tenti?"

"Tenti?" akauliza Ajwang.

"Tenti?" akauliza Era.

"Tenti! Si niriita kijana tuone mahari! Kikundi kinafanya maombi hapa mwisho wa mwezi! Mahari ya kuweka tenti!" Akaanza kupiga nyasi kwa kiatu chake. "Ma-ha-ri! Hii! Hapa!"

Mimi ndiye niliyeelewa kwanza. Mahali! Maskini Mzee wa watu alikuwa akisema mahali! Nilikaa chini palepale nikacheka mpaka nikashika mbavu. "Watu wako" walikuwa vijana wa kupima tenti! Na Nyakio akaniambia baadaye kwamba Ajwang alipoomba lifti alisema anaenda mahari juu, na yeye hakushtuka hata kidogo, kwa sababu nyumbani kwao kila mtu huenda mahari.

Lakini nilipomwona Era nikaacha kucheka. Alikuwa amesimama katikati ya wazee, amejivuta ndani ya blanketi la simba. Siri imefichuka, msichana anaelekea kupotea, na mlima wenyewe umemuumbua.

"Baba," Nyakio akasema, akaenda akasimama karibu naye. "Ni kweli. Mimi na yeye tunapendana. Ningekuambia."

Mzee Njau akamzunguka Era pole pole, akikagua suti, kamba, miwani, tai, na kile kiguu.

"Kijana. Sema ukweri. Umewahi kupanda mrima gani?"

Era akavua miwani. "Mzee... daraja ya Ruiru."

Wazee waliangua kicheko mpaka mmoja akamwagia mwenzake uji. Mama wa Nyakio akasogea, akamshika simba sikio.

"Na hii ni ya nani?"

"Ni yako, Mama."

"Mbona imevariwa?"

"Kulikuwa na baridi, Mama."

Mama akaenda kando na mumewe. Wakaongea Kikuyu cha chini chini. Mama akacheka, Mzee akakataa, Mama akaongea tena, Mzee akakuna kichwa. Era alinishika mkono akaubana kiasi kwamba hata leo nakumbuka.

Mzee akarudi. "Yure wa Ngong arikuwa na viatu viwiri, akarudi nyuma," akasema. "Wewe umefika na kimoja. Nimekubari. Mahari ireteni."

"Ipi, Mzee?" nikauliza mimi, maana sikutaka makosa tena.

"Ya mbuzi!"

Tulilia! Ajwang alipiga vigelegele, kazi ambayo ni yangu. Nyakio akamkumbatia Era pamoja na simba. Na kama Era angefunga mdomo wake dakika hiyo tu, hadithi hii ingeishia hapo kwa furaha.

Lakini nikaona kifua kinajaa. Nikaona kidevu kinapanda. Nikamkanyaga ili anyamaze, kwa bahati mbaya mguu wenyewe ukawa ule wa tai.

"Aaai! Mzee!" akasema Era. "Sema siku yoyote! Sema popote! Hata mlima gani! Mimi nilichelewa tu kwa sababu ya tumbili, lakini hii Kilimambogo, kusema ukweli, bado ni ngazi ya nyumba—"

"Ah!" Mzee Njau akatabasamu mpaka meno ya nyuma. "Vizuri sana. Basi mahari ya mahari ni hapa."

Kila mtu alikuwa anapiga hesabu ya herufi kichwani.

"Anasema mahali pa mahari ni hapa, Era," Nyakio akamfafanulia, akimfuta nyasi shavuni. "Mbuzi watabaki geti, hawaruhusiwi. Lakini blanketi za kina shosho, bibi zangu, sufuria, na ile tangi ya maji ya mama, ziletwe huku juu."

"Na... si kuna gari?"

"Gari ni ya uji," Mzee akasema.

Kwa hiyo ukipita Ruiru jioni, ukaona tangi jeusi la maji linapanda ngazi za daraja la Thika Road, usiogope, halitembei lenyewe. Chini yake kuna Erastus Owino, mpanda milima, yuko mazoezini. Mnyamaze msimcheke, mwacheni apite. Akifika katikati bado anashika chuma kwanza, akapumua.